Kutoka Marine hadi Helikopta: Umri Wako Unahesabiwa Siku Gani?

"Ami, nina miaka 31 na miezi minne. Nikihama Marine nikaingia Jeshi la Nchi Kavu, urubani nauwahi au gari limeshaondoka?"

Aliyeniuliza ni kijana wa Likoni aliyeingia Marekani kwa kadi ya kijani, akavaa magwanda akiwa na miaka 22, na leo ni sajini fundi wa helikopta katika Marine, moja ya majeshi ya Marekani. Anazifungua, anazisafisha, anazifunga, kisha anasimama pembeni kumtazama mwingine akizirusha. Nilimwambia anawahi, lakini asiuangalie umri alio nao leo. Aangalie umri atakaokuwa nao siku ambayo jeshi analolitaka litaamua kumhesabu.

Hapo ndipo wengi wanapojikwaa. Watu husikia "mwisho miaka 33" wakadhani ni lango moja kwa wote, kumbe kila jeshi lina siku yake ya kuhesabu. Jeshi la Nchi Kavu, kwa wanaoomba urubani wa helikopta kama maafisa wateule, linataka uwe hujatimiza miaka 33 siku bodi ya uteuzi inapokaa. Jeshi la Anga linataka uwe umeshaanza mafunzo ya urubani kabla ya kutimiza 33. Jeshi la Majini linatazama siku unapoapishwa kuwa afisa. Kwa hiyo ndugu wawili pacha wanaweza kuomba mwezi mmoja katika majeshi mawili tofauti, mmoja akapita na mwenziwe akaachwa. Kati ya kukubaliwa na bodi na kuingia darasani huweza kupita miezi mingi, na kwa Jeshi la Anga miezi hiyo inaliwa kwenye umri wako. Kwa Jeshi la Nchi Kavu, bodi ikishakaa, hoja ya umri imekwisha.

Neno "afisa mteule" nalo linahitaji ufafanuzi, maana msomaji anayelijua jeshi la Tanzania, JWTZ, atamfikiria mtu mzima aliyepanda ngazi za askari mpaka juu. Marekani afisa mteule ni mtaalamu wa kazi moja, na katika Jeshi la Nchi Kavu sehemu kubwa ya marubani wa helikopta ni maafisa wa aina hii. Hawadaiwi shahada ya chuo kikuu. Cheti cha sekondari kinatosha. Katika Jeshi la Anga rubani lazima awe afisa kamili mwenye shahada. Ndiyo maana sajini asiye na shahada, awe Marine au baharia, akitaka kurusha ndege huuelekeza uso wake Fort Rucker, Alabama, kwenye shule ya urubani ya Jeshi la Nchi Kavu.

Sasa, kwa nini kuwe na kikomo? Jibu la haraka ni macho na wepesi wa mwili. Silikubali hivyo hivyo. Mwaka 1934 William Halsey, nahodha wa Jeshi la Majini aliyeitumikia bahari tangu ujana, aliahidiwa uongozi wa meli ya kubeba ndege, Saratoga. Sheria haikuruhusu meli ya namna hiyo iongozwe na mtu asiye wa anga, ila angeweza kupita njia nyepesi: asome kozi ya waangalizi, wanaokaa kwenye ndege bila kuirusha. Halsey alikataa. Alikwenda Pensacola, Florida, akajifunza urubani pamoja na vijana wa umri wa wanawe, na Mei 15, 1935 akavishwa mabawa akiwa na miaka 52. Hata leo marubani wa mashirika ya ndege ya Marekani hubeba abiria mpaka wanapofikisha 65.

Kinachokizaa kikomo hasa ni deni. Anayefuzu urubani katika Jeshi la Anga, na tangu 2020 katika Jeshi la Nchi Kavu pia, anafungwa na mkataba wa kutumikia miaka 10 baada ya mafunzo. Tumchukue kijana wetu. Tuseme anaanza mafunzo akiwa na 33 na kumaliza na 35. Deni lake litakwisha akiwa na 45, huku ana miaka 23 jeshini. Pensheni huanza kudaiwa baada ya miaka 20 ya utumishi, kwa hiyo siku deni linapokwisha ana kila sababu ya kuaga. Aliyeanza na miaka 23 atamaliza deni akiwa na 35, na pensheni bado inamsubiri mbele. Huyo jeshi lina matumaini ya kumbakiza, awe mwalimu wa marubani wengine. Kumfundisha kila mmoja wao kunagharimu fedha zile zile nyingi.

Na kwa kuwa ni hesabu ya mahitaji, kikomo husogea mahitaji yanapobadilika. Chuck Yeager alijiunga na jeshi Septemba 1941 akiwa na miaka 18, akawa fundi wa ndege kama huyu kijana wetu. Urubani hakuruhusiwa: umri wake ulikuwa mdogo mno na elimu haikutosha. Marekani ikaingia vitani, masharti yakalegezwa, na Machi 1943 akapata mabawa. Mwaka 1947 akawa mtu wa kwanza kuthibitishwa kuruka kwa kasi kupita sauti. Miaka ya karibuni, marubani walipopungua, Jeshi la Anga nalo lilipandisha kikomo chake kutoka 30 hadi 33.

Kwa anayehama jeshi, adui mkubwa ni makaratasi. Kwanza kuna fomu DD 368, ambayo kwayo jeshi ulilomo linakubali kukuachia ukichukuliwa kwingine. Mkuu wako anaweza kuikataa, na akiikubali huandikwa tarehe ya mwisho. Ikipita, unaanza upya. Kuna vipimo vya afya, ambavyo havihesabiki mpaka vipigwe muhuri Fort Rucker. Kuna mtihani wa SIFT, ambao sehemu yake moja ina maswali 100 ya maumbo kwa dakika mbili: maumbo matano mbele yako, uligundue lililo tofauti, na usonge. Alama ya kupita ni 40, na maishani unaruhusiwa kuufanya mara mbili tu. Si ajabu yote haya yakala mwaka mzima.

Kwa ndugu zetu walioingia na kadi ya kijani kuna jambo zito kuliko yote hayo. Kadi inakuruhusu kuwa askari. Haikuruhusu kuwa afisa wala afisa mteule. Hao lazima wawe raia wa Marekani. Utumishi jeshini unafungua njia ya kuomba uraia, lakini hauuleti wenyewe, na inaniuma kila ninapokutana na mtu mwenye uwezo wote aliyeiacha fomu ya uraia kabatini miaka sita kwa sababu hakuna aliyemwambia.

Msamaha wa umri upo, na watu huupata. Lakini ni ombi linalokwenda na faili lako, na faili dhaifu halisaidiwi na ombi. Usiupangie maisha.

Kijana wa Likoni ana miezi 20. Uraia anao tayari. Nilimwambia aiombe DD 368 mwezi huu huu, na wewe mwenye miaka 29 au 30 unayesoma haya, usingoje ufike alipofika yeye.