Kengele ya Moto na Makosa ya Waya Zake

Leo nataka kuwaeleza habari za kengele ya umeme itangazayo moto, na jinsi fundi atafutavyo kosa katika waya zake. Jambo hili si la mijini tu. Mwezi wa Agosti 2009, moto ulipounguza bweni la Shule ya Sekondari ya Idodi, Iringa, usiku, wasichana 12 walikufa. Watu waliolala wahitaji mlinzi asiyelala.

Ukutani pana sanduku lenye taa, ndilo kichwa cha mtambo. Humo hutoka waya mbili zipitazo kwenye vitambua moshi na vitufe vya kubonyeza, na mwisho wake huunganishwa kwa kizuizi kidogo kiitwacho rezista. Umeme kidogo hupita humo usiku na mchana. Mchungaji wa hapa Samuye huhesabu ng'ombe zake jioni mlangoni pa zizi. Sanduku nalo hupima umeme wake vivyo hivyo, wala halichoki.

Umeme usipopita kabisa, waya umekatika, au kitambua moshi kimelegea. Ukizidi kiasi, huenda waya mbili zimegusana. Mitambo mingine hapo hupiga kengele bure. Kosa la tatu ni waya uliochubuka ukagusa bati au bomba, umeme ukavujia ardhini. Panya, mchwa na maji ya mvua ndio waleta makosa hayo mara nyingi.

Basi fundi hufanyaje? Kwanza huwaarifu watu wote, na mlinzi huwekwa azunguke mpaka kazi iishe. Pili, huzima umeme wa nyumba na kuifungua betri kabla ya kugusa waya. Tatu, huziondoa waya za mstari sandukuni, hutia rezista ya kiasi kile kile mahali pake, kisha huwasha. Taa ya kosa ikizimika, sanduku ni zima, na ubovu uko njiani.

Hapo hana haja ya kuchimbua ukuta mzima. Huukata mstari katikati na kuitia rezista pale. Sanduku likitulia, nusu ya kwanza ni njema. Lisipotulia, kosa limo humo. Hugawa tena nusu iliyo mbovu. Mstari wenye vipande 8 hubaki 4, kisha 2, kisha 1. Akiisha kutengeneza, hujaribu kila kitufe na kusikiliza kila kengele.

Enyi walimu na viranja, sanduku likilia kwa kosa, msilinyamazishe mkaenda kulala. Kelele ile haisemi kwamba pana moto. Yasema kwamba moto ukija, huenda msiambiwe. Mwiteni fundi siku ile ile. Na moto ukizuka, watoeni watu kwanza, kisha pigeni simu 114, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji.