Nyanya amehamia mjini: usimnyime matembezi wala jembe

Msomaji, huenda nawe umefanya hivi, au unapanga kufanya. Mama yako amezeeka huko kijijini Bungoma. Baba alishafariki, ndugu wametawanyika, na wewe umepata kazi au biashara Kitale. Unaamua kumleta mama mjini ili umtunze. Unampa chumba, kiti kizuri, televisheni na msichana wa kumpikia. Unamwambia, "Mama, umefanya kazi ya kutosha. Sasa pumzika."

Nia hiyo ni njema, na hata Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 57, inasema kwamba wazee wana haki ya kutunzwa na jamaa zao na serikali. Hata hivyo, baada ya miezi michache watu wa nyumbani huanza kushangaa. Mama aliyekuwa akitembea hadi soko la Chwele na kurudi sasa anashika ukuta akienda msalani. Magoti yanauma na miguu inavimba jioni. Usingizi umepotea na choo kimekuwa kigumu. Akipimwa, shinikizo la damu limepanda. Jamaa husema ni uzee tu, na pengine ni uzee kweli. Lakini mara nyingi sehemu kubwa ya lawama ni ya kile kiti.

Kazi ya kijijini ilikuwa dawa

Fikiria siku ya nyanya kijijini. Kukipambazuka yuko shambani akipalilia. Baadaye anakwenda mtoni au kisimani, anachuma mboga, anamtembelea jirani aliyefiwa, anafika kanisani au msikitini kwa miguu. Hakuna aliyemwambia kwamba anafanya mazoezi, ila mwili wake ulikuwa kazini kwa saa nyingi. Mjini kazi hizo zote hutoweka siku moja. Maji yamo mferejini, mboga huletwa mlangoni, na bodaboda humpeleka kanisani.

Mwili wa mzee hausamehe mapumziko ya namna hiyo. Misuli isiyotumika hunyauka haraka, na ya mzee hunyauka haraka zaidi kuliko ya kijana, tena huchukua muda mrefu kurudi. Misuli ndiyo inayotumia sehemu kubwa ya sukari iliyo katika damu. Ikilala, sukari hubaki katika damu na kisukari hupata nafasi. Misuli ya mashavu ya miguu nayo husaidia kusukuma damu irudi moyoni. Mtu akikaa kutwa, maji hutuama miguuni. Gegedu zilizo katika viungo hulishwa na mwendo, na ndiyo maana goti lisilokunjwa hukakamaa na kuuma zaidi. Mifupa pia huimarika kwa kubeba uzito wa mwili.

Hatari kubwa kuliko zote ni kuanguka. Mzee aliyedhoofika miguu hujikwaa kwa jambo dogo, akavunjika nyonga, na wengi wa wanaovunjika nyonga hawarudii tena maisha yao ya awali.

Atembee kiasi gani?

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linashauri watu wa miaka 65 na zaidi wafanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kila wiki. Hiyo ni kama nusu saa kwa siku, siku tano za wiki. Aidha, wafanye mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku mbili, na ya kuweka usawa wa mwili siku tatu au zaidi.

Usiogopeshwe na hesabu hizo. Nyanya aliyekaa miezi mingi aanze na dakika kumi asubuhi na kumi jioni, kisha aongeze kidogo kidogo. Kipimo ni rahisi: akitembea aweze kuzungumza nawe, lakini asiweze kuimba. Akishindwa hata kuzungumza, mwendo ni mkali mno. Kumbuka pia kwamba Kitale iko juu kuliko Bungoma, karibu mita 1,900 kutoka usawa wa bahari ikilinganishwa na mita 1,400 hivi. Asubuhi za Kitale zina baridi, kwa hivyo avae sweta na angoje jua litoke. Wakati wa mvua, ambayo aghalabu hunyesha mchana, matembezi ya asubuhi ndiyo salama, kabla njia hazijateleza.

Awe na viatu vya kufunika kisigino, vyenye soli isiyoteleza. Kandambili zibaki nyumbani. Mwenye kisukari asitembee pekupeku kamwe, na nyayo zake zikaguliwe kila jioni, kwa kuwa anaweza kukatwa asisikie. Ikiwa anatumia dawa za kushusha sukari, ale kabla ya kutoka na abebe peremende.

Chagua vijia vya ndani ya mtaa, iwe ni Milimani, Kibomet au Tuwani, badala ya barabara kuu yenye malori na bodaboda. Pasipo na njia ya wapita kwa miguu, atembee upande ambao magari yanamjia usoni, akiwa amejitanda leso ya rangi inayoonekana. Mwishoni mwa wiki familia inaweza kumpeleka katika Makavazi ya Kitale, yaliyofunguliwa mwaka 1974. Humo mna njia inayopita chini ya miti ya kiasili. Usishangae nyanya akianza kuwaeleza wajukuu majina na matumizi ya miti hiyo.

Kwa misuli na usawa wa mwili hahitaji chombo chochote. Akae kwenye kiti imara kilichoegemea ukuta, kisha asimame na kukaa mara tano hadi kumi bila kujisukuma kwa mikono, kama anaweza. Halafu ashike meza na asimame kwa mguu mmoja, akihesabu hadi kumi, kisha abadilishe mguu.

Shamba la ukubwa wa mkeka

Wengi husema, "Tunaishi kwa ploti ya kukodi, shamba tutalitoa wapi?" Gunia moja linatosha. Lijaze udongo uliochanganywa na samadi iliyooza, na katikati panga nguzo ya mawe madogo ya kupitishia maji. Toboa matundu ubavuni, upande sukuma wiki, mchicha au sagaa. Uzuri wa gunia ni kwamba nyanya hupalilia akiwa amesimama au ameketi, bila kupinda mgongo.

Ukiwa na kipande cha ardhi, hata cha ukubwa wa mkeka, kuna mbinu ambayo imefundishwa hapo hapo Kitale na kituo cha kilimo cha Manor House, kilichoanzishwa mwaka 1984. Udongo hulainishwa hadi kina cha sentimita 60 hivi, hutiwa mbolea ya mboji, na mimea hupandwa kwa kukaribiana. Kuchimba huko ni kazi nzito, hivyo wapewe vijana. Nyanya asimamie, asie mbegu, apalilie na kuchuma.

Usimchagulie cha kupanda. Mama wa Kibukusu atataka murere, yaani mrenda, na likhubi, yaani majani ya kunde, kabla ya kabeji yako. Ana haki. Mboga za kienyeji kama mnavu, sagaa na mchicha zina madini ya chuma na kirutubisho cha vitamini A kwa wingi. Zisipikwe kupita kiasi, na chumvi iwe kidogo: mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, kwa vyakula vyote. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, kama warfarin, amweleze daktari kuhusu mboga anazokula, maana mboga za majani zikiongezeka ghafla zinaweza kupunguza nguvu ya dawa hiyo.

Akijikata na jembe, kidonda kioshwe kwa maji safi na sabuni, kisha aende kituo cha afya aulizwe kuhusu chanjo ya pepopunda.

Upweke pia ni ugonjwa

Kijijini nyanya alikuwa mtu wa kuombwa ushauri. Mjini hakuna anayemjua, na mchana kutwa wote wako kazini na shuleni. Mzee mpweke hukosa hamu ya kula na hamu ya kutoka, na huenda akaingia katika huzuni inayohitaji matibabu. Matembezi yanasaidia hapa pia. Mjukuu amsindikize hadi dukani, naye nyanya amsindikize mjukuu hadi lango la shule. Majirani wataanza kumsalimu, na baada ya muda atakuwa kukhu wa mtaa mzima.

Lakini tusiende upande wa pili. Wako wanaomleta mama mjini awe yaya bila mshahara, abebe mtoto mgongoni kutwa nzima. Hayo si mazoezi, ni mzigo. Na akisema anataka kurudi Bungoma msimu wa kupanda, mwache aende. Hakikisha amebeba kadi ya kliniki na dawa za kutosha siku zote atakazokaa huko.

Kabla ya kuanza, na wakati wa kusimama

Apimwe shinikizo la damu na sukari kwanza. Tangu mwaka 2023 wahudumu wa afya ya jamii wamepewa vifaa vya kupima hivyo viwili nyumbani, kwa hiyo muulize wa mtaa wako. Kipimo cha 140 kwa 90 au zaidi, kikirudiwa siku tofauti, kinahitaji daktari. Anayetumia dawa za shinikizo ainuke polepole kutoka kitandani, asije akapata kizunguzungu na kuanguka.

Asimame mara moja na apelekwe hospitalini akihisi maumivu ya kifua, akikosa pumzi, uso ukipinda upande mmoja, mkono ukilegea, au maneno yakimgonga. Mguu mmoja ukivimba na kuuma ghafla, usiukande. Mpeleke kwa daktari siku hiyo hiyo.

Kwa wengine wote, anza leo. Jioni hii ukirudi nyumbani, kabla ya kuwasha televisheni, muulize mama angependa kupanda nini. Kisha mtembee pamoja kwenda kutafuta mbegu.