Wasifu wa Wasanii: Vitabu vya Kumfaa Mtoto Anayependa Kuchora

Abiria anayetoka Ndabibi kwenda mjini Naivasha kwa Barabara ya Moi South Lake hupita Kongoni, kisha lango la Elsamere ukingoni mwa ziwa. Wengi huijua nyumba hiyo, ambayo sasa ni makavazi, kwa sababu ya Joy Adamson na simba wake, Elsa. Wachache wanajua kwamba kabla ya simba huyo kumpa umaarufu, Adamson alikuwa mchoraji. Kuanzia mwaka wa 1949, serikali ya kikoloni ilimpa kazi ya kuchora watu wa jamii mbalimbali za Kenya wakiwa katika mavazi yao ya kitamaduni. Makavazi ya Kitaifa jijini Nairobi yamehifadhi mamia ya picha zake.

Maisha ya wachoraji yanawahusu wazazi wa leo. Mtaala wa umilisi una mkondo wa Sanaa na Sayansi ya Michezo katika sekondari pevu, na mtoto anapoutaja, swali la kwanza nyumbani huwa: atakula nini? Wasifu wa wasanii hauahidi utajiri. Unaonyesha jinsi kazi hiyo inavyofanywa, gharama zake, na makosa ya waliotangulia.

Wasifu na tawasifu

Tawasifu huandikwa na mhusika mwenyewe. Wasifu huandikwa na mtu mwingine. Adamson ana vyote viwili. Tawasifu yake, *The Searching Spirit*, ilitoka mwaka wa 1978. Ndani yake anasimulia alivyotaka kukumbukwa. Mwaka wa 1980 aliuawa katika hifadhi ya Shaba. Habari za kwanza zilidai ameuawa na simba, lakini uchunguzi ulionyesha kwamba aliuawa na binadamu. Kisa hicho, pamoja na ugumu wa tabia yake, kimo katika wasifu ulioandikwa na Caroline Cass mwaka wa 1992, *Joy Adamson: Behind the Mask*. Anayesoma vyote viwili hujifunza kupima ushahidi.

Vitabu vingine

*Frida*, cha Hayden Herrera (1983), kinaeleza maisha ya Frida Kahlo wa Mexico. Mwaka wa 1925, akiwa na miaka 18, basi alilopanda liligongana na tramu, akavunjika mifupa mingi. Alianza kuchora kwa bidii akiwa kitandani. Kitabu hiki na kile cha Cass vina mambo ya watu wazima, hivyo vinafaa wanafunzi wakubwa.

Barua za Vincent van Gogh kwa ndugu yake Theo ni jibu la wazi kwa swali la mzazi. Zinataja bei ya rangi, kodi ya nyumba na pesa ambazo Theo alimtumia. Van Gogh alifanya kazi ya uchoraji kwa takriban miaka 10 tu, akafa mwaka wa 1890 akiwa na miaka 37. Msomaji asichanganye barua hizo na *Lust for Life* cha Irving Stone (1934): hicho ni riwaya, ingawa kimejengwa juu ya maisha ya Van Gogh.

Vitabu hivi vimeandikwa au kutafsiriwa kwa Kiingereza. Mwalimu au mzazi anaweza kusoma sura moja kisha akaisimulia kwa Kiswahili.

Maisha ya wasanii wetu

Rosemary Karuga, aliyezaliwa Meru mwaka wa 1928, alisomea sanaa Makerere, kisha akafundisha shule kwa miaka mingi. Baadaye alijulikana kwa picha alizotunga kwa kubandika vipande vya karatasi za sabuni na pakiti za unga. Alifariki mwaka wa 2021. Maisha kama yake yanastahili kujulikana katika kila darasa la sanaa nchini.

Kazi ya kuyaandika inaweza kuanzia Ndabibi. Mwanafunzi anaweza kumtembelea fundi anayechora mabango ya maduka, au mama anayesuka vikapu, na kumuuliza: ulianza mwaka gani? Nani alikufunza? Kazi ya kwanza ulilipwa ngapi? Aandike majibu, tarehe na majina ya mahali, kisha amsomee mhusika ili arekebishe. Daftari hilo litunzwe shuleni, maana mzee akiondoka kabla ya kuulizwa, hakuna kitabu kitakachoyarudisha.