Siri ya mlipa kodi ni amana

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na sahaba zake.

Ndugu msomaji, mwezi Mei 2023 wafanyabiashara wa Kariakoo, Dar es Salaam, walifunga maduka yao, na Juni 2024 wakayafunga tena. Miongoni mwa waliyoyalalamikia ni namna kodi inavyofuatiliwa, ile waliyoiita kamatakamata. Basi yatupasa tujiulize: mtu anayechunguzwa kodi ana haki gani?

Ya kwanza ni kuhifadhiwa siri yake. Daftari la mwenye duka huonesha zaidi ya mauzo: anamdai nani, anadaiwa na nani, na nyumbani kwake kuna uwezo gani. Wengi wetu huendesha biashara kwa mali kauli. Mtu huchukua mzigo leo kwa kuaminiwa, akalipa akishauza. Ofisa akizunguka kwa majirani na wenye maghala kuuliza habari zake kabla ya kumuuliza mwenyewe, uaminifu ule huvunjika siku hiyohiyo. Hata akionekana hana kosa, nani atamrejeshea jina lake?

Ndiyo maana katika Surat al-Hujurat, aya ya 12, Mwenyezi Mungu amekataza pamoja dhana mbaya, kupeleleza na kusengenya, kwani moja huzaa jingine. Sheria ya nchi nayo haiko mbali na hilo. Ibara ya 16 ya Katiba ya Tanzania yalinda faragha ya mtu na familia yake. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 yamtaka ofisa atunze siri za mlipa kodi, asizitoe ila pale sheria inaporuhusu.

Haki ya pili ni kujulishwa na kusikilizwa. Mtume (S.A.W.) alipomtuma Ali (R.A.) Yemen kuwa kadhi, alimwelekeza asihukumu kwa maneno ya upande mmoja mpaka asikie ya upande wa pili. Ibara ya 13 ya Katiba nayo yatambua haki ya kusikilizwa na ya kukata rufaa.

Asiyeridhika na makadirio anazo siku 30, tangu alipofikishiwa uamuzi, za kuyapinga kwa maandishi. Lakini kwa kawaida hutakiwa kwanza alipe theluthi ya kodi iliyokadiriwa au kiasi asichokibishia, kilicho kikubwa kati ya hivyo viwili. Kamishna aweza kulipunguza au kulisamehe sharti hilo kwa sababu ya msingi, lakini ni lazima aombwe. Mwenye mtaji mdogo aweza kulemewa hapo. Basi kumwita na kumsikiliza kabla ya makadirio ndiko kinga yake ya kweli.

Haki hizi si maficho ya wakwepaji. Mwenye duka atoe risiti, aandike hesabu za kweli, na kila barua aihifadhi pamoja na tarehe aliyoipokea.

Naye ofisa akumbuke kwamba Mtume (S.A.W.) alipomtuma Muadh bin Jabal (R.A.) Yemen, baada ya kumweleza habari za zaka alimtahadharisha na dua ya aliyedhulumiwa, kwani haina kizuizi mbele ya Mwenyezi Mungu. Zaka si kodi, lakini adabu ya mkusanyaji ni moja.

Wabillahi tawfiq.