Sukari Iliyoganda Isitupwe

Kwale si mgeni wa miwa; kiwanda cha Ramisi kiliikamua hadi kilipofungwa mwaka 1988. Hata hivyo, wengi wetu huitupa sukari ya kahawia inapoganda kama jiwe, ilhali dini yetu imetukataza israfu.

Sukari hiyo haijaharibika. Chembe zake zimevikwa molasi, na molasi hubeba unyevu. Mkebe ukiachwa wazi, unyevu hutoka, molasi hukauka na chembe hushikana. Dawa yake, basi, ni kuurudisha unyevu polepole.

Itieni sukari katika chombo chenye kifuniko cha kukaza. Wekeni juu yake kipande cha mkate laini, mkifunike chombo, muiache hadi kesho yake. Mkate utakauka, sukari italainika. Uondoeni mkate huo mapema, usije ukaota ukungu. Msiimwagie sukari maji, kwani itayeyuka.

Bonge litakalokaidi tulichemshe kwa maji kidogo na iliki, liwe shira ya kaimati. Kisha tuzoee kufunika mikebe yetu barabara. Riziki ya nyumba ni amana.