Nyumba ya Kitambaa Juu ya Handeni na Korogwe

Jioni moja, jua likisha kutua, simama uwanjani uangalie juu. Huenda ukaona kama nyota kubwa. Haimetimeti. Inakwenda upesi, haina sauti, wala haina taa nyekundu kama ndege. Hiyo si nyota. Hicho ni kituo cha anga. Ndani yake wamo watu. Wanakula humo, wanalala humo na kufanya kazi humo.

Kituo hicho kiko juu kiasi cha kilomita 400. Huizunguka dunia nzima kwa dakika 90 hivi. Wewe ukitaka kwenda Korogwe kutoka Handeni unahitaji nauli na subira. Chenyewe kikipita juu yetu, hukata umbali huo kwa sekunde kama 8.

Tangu Novemba 2000 kituo hicho hakijakaa bila watu hata siku moja. Vyumba vyake karibu vyote vimejengwa kwa alumini, yaani madini yale yale ya sufuria, ila mazito zaidi. Lakini kipo chumba kimoja cha kitambaa. Kilipelekwa kikiwa kimekunjwa. Kilipofika kikajazwa hewa. Chumba hicho kinaitwa BEAM.

Utauliza: kitambaa kitakuwaje nyumba mahali pasipo na hewa hata kidogo? Swali hilo ni zuri. Nadhani mtu aliyekulia katika mashamba ya mkonge atalielewa jibu lake upesi kuliko watu wengi.

KWA NINI KUKUNJA?

Kupanda juu ni kazi ngumu. Roketi huunguza mafuta mengi sana ili kupandisha mzigo mdogo. Ndiyo maana warusha roketi hutafuta hata msaada mdogo. Dunia inazunguka, na mzunguko wake una mwendo mkubwa zaidi karibu na ikweta. Roketi ikirushwa hapo inasukumwa kidogo na dunia yenyewe. Kwa sababu hiyo Waitaliano walijenga jukwaa baharini karibu na Malindi, Kenya. Tangu mwaka 1967 mpaka 1988 setilaiti zilirushwa kutoka hapo. Moja ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru wa Kenya, ikaitwa Uhuru.

Shida nyingine ni upana. Roketi ni kama basi lenye mlango mwembamba. Kitanda hakiingii, lakini godoro lililokunjwa na kufungwa kamba huingia. BEAM ilipokuwa imekunjwa ilikuwa na urefu wa mita 2 na kidogo. Ilipojazwa hewa ilifika mita 4. Uzito wake ni kilo 1,400 hivi. Nafasi ya ndani ni kama chumba cha kulala cha hatua tatu kwa tatu.

ANGALIA TAIRI LA BAISKELI

Hewa ina nguvu kuliko unavyofikiri. Hapa chini hatuihisi, kwa sababu inatusukuma kutoka pande zote. Angani hakuna hewa upande wa nje. Basi hewa ya ndani ya chumba husukuma ukuta peke yake. Katika kila mita moja ya mraba inasukuma kwa nguvu ya tani 10. Mlango wa kawaida, wa mita 1 kwa mita 2, ungesukumwa kwa tani 20. Hebu fikiri lori lililojaa mzigo likiegemea mlango wako!

Mrusi Alexei Leonov aliiona nguvu hiyo tarehe 18 Machi 1965. Siku hiyo alikuwa mtu wa kwanza kutoka nje ya chombo angani. Alitokea katika kijumba cha kitambaa kilichojazwa hewa. Kwa hiyo wazo hili si jipya. Alipokuwa nje, vazi lake lilivimba kwa hewa iliyokuwa ndani yake. Likawa gumu. Hakuweza kurudi mlangoni vizuri. Ilimbidi apunguze hewa ya vazi lake, hewa ile ile ya uhai wake, ndipo akapita.

Sasa chukua tairi la baiskeli. Ndani mna tyubu. Kazi ya tyubu ni kuzuia hewa isitoke. Ukiijaza peke yake itavimba mpaka ipasuke. Inayoizuia isivimbe ni tairi. Tairi likichakaa utaona nyuzi zimetokeza. Nyuzi hizo ndizo zinazobeba nguvu yote. Mpira ni wa kuzifunika tu.

Ukuta wa BEAM ni hivyo hivyo. Ndani kabisa kuna tabaka la kuzuia hewa. Juu yake kuna kitambaa kilichofumwa kwa nyuzi ngumu sana. Nje yake kuna matabaka mengine, moja juu ya jingine. Hayo ni ya kupunguza nguvu ya vijiwe na vipande vya chuma vinavyoruka angani kwa kasi kuliko risasi. Kijiwe kikipiga tabaka la kwanza huvunjika. Vumbi lake huishia katika matabaka yanayofuata.

SIKU KILIPOJAZWA

BEAM ilipandishwa tarehe 8 Aprili 2016. Mkono wa chuma wa kituo ukaichukua na kuipachika. Tarehe 26 Mei walianza kuijaza hewa. Ikanyoosheka sentimita chache tu, kisha ikagoma. Kitambaa kilikuwa kimekaa kimekunjwa zaidi ya mwaka mmoja, nacho kilikuwa kimeshikana. Mkuu wa kazi angeweza kusema ongezeni hewa kwa nguvu. Hawakufanya hivyo. Waliacha, wakaipunguza hewa, wakangoja.

Tarehe 28 Mei mwanaanga Jeff Williams alirudi kwenye valvu. Alifungua kidogo, akafunga, akatazama. Alifanya hivyo mara 25 kwa muda wa saa 7. Ukijumlisha muda wote ambao valvu ilikuwa wazi, ni dakika 2 na sekunde 27 tu! Ndani ya chumba zilisikika sauti kama bisi zikipasuka chunguni. Zilikuwa kamba za kufungia mkunjo, zinakatika moja moja kama zilivyopangwa. Tarehe 6 Juni Williams akafungua mlango akaingia.

UZI NA MKONGE

Korogwe inajua kazi ya uzi. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf alileta miche ya mkonge kutoka Marekani. Iliyofika hai ilikuwa 62 tu. Kutokana na hiyo yakaja mashamba, korona na marobota ya katani. Unyuzi mmoja wa katani ni mwembamba kama unywele. Zisokote nyingi pamoja, utapata kamba ya kuvuta lori. Hesabu ya BEAM ni hiyo hiyo.

Lakini nyuzi za angani si katani. Katani hunywa maji, huoza na hushika moto. Nyuzi za angani hutengenezwa kiwandani kwa kemikali. Nazo zina ndugu ambao wazee wa Ngombezi na Magunga wanawafahamu: nailoni na kamba za plastiki. Mwaka 1964 nchi yetu ilitoa zaidi ya tani 200,000 za katani. Miaka ya mwisho ya 1990 zilikuwa zimebaki tani kama 20,000. Sababu zilikuwa nyingi, lakini kamba za kiwandani zilikuwa kubwa mojawapo. Zilikuwa rahisi, wanunuzi wakahama. Mashamba yakawa mapori, na watu wakakosa kazi. Kwa hiyo mtu wa Korogwe akikitazama kile chumba, ana haki ya kukitazama kama mtu anavyomtazama mshindani wake. Leo wakulima wadogo wa Hale, Magoma na Ngombezi wanakata mkonge wao wenyewe.

CHUMBA KIKO WAPI SASA?

BEAM ilipangwa kukaa angani miaka 2 ya majaribio. Ukuta ulivumilia, muda ukaongezwa. Lakini usidhani wanaanga wanalala humo. Wamekifanya ghala. Kampuni iliyokitengeneza ilikuwa ya Robert Bigelow, tajiri wa nyumba za kupangisha huko Las Vegas. Mwezi Machi 2020 iliwaachisha kazi wafanyakazi wake wote. Chumba kikabaki kinazunguka. Mwisho wa mwaka 2021 kilikabidhiwa kwa NASA, shirika la anga la Marekani.

Wengine wameendeleza kazi hiyo. Mwishoni mwa mwaka 2023 kampuni ya Sierra Space ilijenga chumba cha kitambaa kikubwa kama nyumba ya familia. Waliweka hewa, wakaongeza, wakaongeza tena, makusudi kipasuke. Kilipasuka hewa ilipofika kiasi cha mara 5 ya ile ambayo watu wangevuta ndani yake.

Kituo cha sasa kinazeeka. Kimepangwa kushushwa katika Bahari ya Pasifiki baada ya mwaka 2030.