Ukienda Guatemala, uliza kwanza mwinuko

Msafiri wa Afrika Mashariki hana swali jingine la kuanzia: huko kuna malaria? Kwa Guatemala jibu linategemea utalala mwinuko gani. Mji mkuu, mji wa kale wa Antigua na Ziwa Atitlán viko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na huko malaria haisumbui. Ukishuka Escuintla upande wa Pasifiki, Izabal upande wa Karibi, au ukienda Petén kuona magofu ya Wamaya ya Tikal, mambo hubadilika.

Hata hivyo malaria ya kule siyo hii tuliyoizoea. Kwetu kinachoua ni kimelea cha Plasmodium falciparum. Guatemala imetawaliwa na Plasmodium vivax, ambacho huacha mabaki yake yamelala kwenye ini, yakaamka baada ya wiki au miezi. Mtu hurudi nyumbani mzima, akaugua wakati safari yenyewe ameshaisahau. Ni kweli kwamba Waafrika wengi wa kusini mwa Sahara hawana protini ya Duffy kwenye chembe nyekundu za damu, ambayo vivax huitumia kuingilia. Lakini Ethiopia na Madagascar kimekutwa hata kwa watu wasio na protini hiyo, kwa hiyo wale wanaojigamba kwamba wamekua na malaria wasitegemee damu yao.

Klorokwini, dawa ambayo Tanzania iliiacha mwaka 2001 baada ya vimelea kuizoea, bado inafanya kazi Guatemala. Tatizo ni kwamba haiui vimelea vilivyolala kwenye ini. Kazi hiyo ni ya primakwini, nayo inaweza kupasua chembe nyekundu za mtu mwenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, upungufu ambao si haba katika ukanda wetu. Usiimeze kabla ya kupimwa.

Kwa maoni yangu, cha kuhofia zaidi ni dengi. Mbu wake, Aedes aegypti, huuma mchana, kwa hiyo chandarua cha usiku pekee hakitakuokoa. Paka dawa ya kufukuza mbu tangu asubuhi, hata ukiwa Antigua. Homa ikikushika ukiwa bado kule, tumia parasetamoli. Aspirini, ibuprofeni na ile diklofenaki tunayoikimbilia kwa kila maumivu huongeza hatari ya kutokwa damu.

Kisha kuna mlima. Vijana wengi huenda Guatemala kwa ajili ya Acatenango, volkano yenye mita 3,976, ili wakeshe wakitazama jirani yake, Fuego, ikirusha moto. Huondoka Antigua asubuhi na jioni ya siku hiyohiyo wako kambini, karibu mita 3,600. Anayepanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu hulala kwanza Mandara, mita 2,720, ndipo afike Horombo, mita 3,720. Acatenango haikupi usiku huo wa katikati. Afadhali utangulie kulala siku mbili tatu Quetzaltenango, mita 2,330. Kichwa kikiuma na kichefuchefu kikaanza, usipande zaidi. Mwenzako akianza kupepesuka au kuongea yasiyoeleweka, mteremsheni papo hapo, hata kama ni usiku wa manane.

Fuego yenyewe si ya kuchezea: mlipuko wa Juni 2018 uliua watu zaidi ya 100. Mwenye pumu abebe dawa yake ya kuvuta na barakoa kwa ajili ya majivu.

Maji ya bomba usinywe, na barafu ya mitaani iache.

Kadi ya njano ipatikane mapema, kwa kuwa wanaotoka nchi zenye homa ya manjano huulizwa. Chanjo huanza kutambuliwa siku 10 baada ya kuchomwa na, tangu 2016, kadi hudumu maisha yote.

Ukirudi na homa, iwe wiki ya kwanza au mwezi wa sita, mwambie daktari kabla hajakutoa damu kwamba ulikuwa Guatemala. Baadhi ya vipimo vya haraka vimetengenezwa kutambua falciparum peke yake, na vivax itapita bila kuonekana. Omba damu itazamwe kwa hadubini.